Siku ya familia Tarangire kutoka Dodoma: tumepigwa, na wazazi wengine wako njiani kupigwa

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, maana tangazo la hawa jamaa bado linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma na kuna wazazi wanachanga hela sasa hivi.

Wanauza "siku ya familia Tarangire, kwenda na kurudi". Mtu mzima 150,000, mtoto 100,000. Picha ya tangazo ni gari la utalii lililofunguka juu, watoto wamesimama wanatazama tembo. Nikamlipia mama yangu, mke wangu na watoto. Mama ni mtu wa Bahi, umri umeenda, hajawahi kuingia hifadhi yoyote. Alichotaka ni kuona tembo, basi.

Kilichokuja kutuchukua ni Coaster. Tuliambiwa saa kumi alfajiri, ikafika saa moja kasoro. Vioo tinti nyeusi, kiyoyozi kibovu, na watoto wakapangwa kwenye vile viti vya kukunja vya katikati. Mtoto aliyekaa hapo anaona nini zaidi ya visogo vya watu wazima?

Halafu angalieni hesabu yenyewe. Kutoka Dodoma kupitia Kondoa na Babati hadi geti la Tarangire ni zaidi ya kilomita 300. Lami ipo, lakini kuna vijiji na matuta, na hifadhini giza likiingia hakuna ruhusa ya kuzunguka. Anayeuza safari hii anayajua hayo vizuri kuliko mimi! Tulifika saa saba mchana, jua la utosi, wanyama wako vivulini. Na hapo getini tukakwama zaidi ya saa nzima kwa sababu viingilio havikuwa vimelipwa. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hawapokei pesa taslimu, malipo yanapita kwenye mfumo, na mtu yeyote wa utalii anajua. Hela zetu walishachukua siku nyingi. Walikuwa wanasubiri nini?

Mtoto wangu wa mwisho ana miaka mitatu. Walimtoza 100,000 kama wenzake, wakaniambia kwa simu kwamba ni kwa ajili ya kiingilio. Mtoto wa chini ya miaka 5 anaingia bure hifadhini! Nilipomuuliza msimamizi pale getini akabadilisha: "Kaka, hiyo ni bei ya kifurushi." Huo ni wizi, na kumwibia mtu kupitia mwanawe ni ubaya wa aina yake.

Sasa hili ndilo linaloniuma zaidi. Asubuhi walitugawia fulana za safari, za bluu iliyoiva, wakasisitiza watoto wote wavae ili wasipotee. Tarangire ina mbung'o. Mbung'o wanafuata rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao huko porini ni vitambaa vya rangi hizo hizo. Kila anayefanya kazi ya kupeleka watu porini anawaambia wageni wavae khaki au rangi iliyofifia. Hawa wamewavisha watoto wetu nguo ya kuwaita mbung'o, wakawafungia kwenye gari la moto. Ukifungua dirisha wanaingia, ukifunga mnakosa hewa. Binti yangu alivimba shingo na mikono, analia, na kwenye gari hakuna hata boksi la huduma ya kwanza.

Mama aliona migongo ya tembo kwa mbali upande wa mtoni. Kiangazi hiki maji yamebaki Mto Tarangire, makundi yanateremka huko, na ndicho kinachowatoa watu makwao. Akamwomba dereva asogee kidogo. Akajibiwa, "Bibi, muda umeisha," gari likageuzwa. Saa kumi na nusu tulikuwa tunatoka getini.

Anayetaka kwenda kweli, alale Babati au Kwa Kuchinja, kijiji cha karibu na hifadhi, aingie geti likifunguliwa asubuhi. Kama una siku moja tu, michoro ya miambani ya Kolo iko kwenye barabara hiyo hiyo, ni Urithi wa Dunia tangu 2006, na watoto watarudi nyumbani mapema. Na kabla hujatuma hata shilingi, omba uone leseni yao ya biashara ya utalii (TALA) na picha ya gari lenyewe likiwa na namba zake.

Nimewaandikia nirudishiwe hela ya mtoto wa miaka mitatu na ya mama. Wamesoma, wakaniblock. Malalamiko ya maandishi nayapeleka na risiti zote ninazo. Mliokuwa kwenye Coaster ile, hasa yule mama aliyekaa nyuma na mapacha, njooni inbox tupeleke kwa pamoja.