Mdogo wangu ni kiziwi, anataka kupima ukimwi bila mimi kuwepo, nani atamuelewa?

Dada wa Mwanga:
Habari wadau, shikamooni wakubwa. Niko Kigoma mjini. Mdogo wangu wa kike ni kiziwi, mtu mzima, fundi cherehani anajitegemea, alisoma shule ya viziwi kule Tabora kwa hiyo lugha ya alama ipo vizuri ila Kiswahili cha kuandika kinamsumbua. Ana mchumba na wamekubaliana wapime kabla ya ndoa. Juzi nikamsindikiza kituo kimoja cha afya, nesi muda wote anaongea na mimi, "muulize ana wapenzi wangapi, muulize wanatumia kondomu", mlango wazi na watu wa foleni wanasikia kila kitu. Alama za mambo hayo mi sizijui, mdogo wangu akaniangaliaa, akachukua pochi yake akaondoka. Jioni akanitumia meseji, "mimi kupima wewe toka". Ni haki yake kabisa, dada hatakiwi kujua hayo, lakini akienda peke yake itakuwaje?

Nesi wa CTC:
Pole sana dada, mi niko CTC, yaani kliniki ya matibabu ya ukimwi, na huyo mwenzetu alikosea. Sheria ya ukimwi ya 2008 iko wazi, majibu ni siri ya aliyepima. Waulize CHAVITA, chama cha viziwi, wakuunganishe na mkalimani, na mdogo wako mwenyewe ndo amkubali maana viziwi wanafahamiana sana, anaweza kuletewa mtu anayekaa naye mtaa mmoja. Wakalimani ni wachache kweli, mpange siku mapema. Njia nyingine ni jipime, kile kijiti cha kupitisha kwenye fizi, anapima mwenyewe chumbani anasoma baada ya dakika 20. Mstari mmoja hajaonekana na maambukizi, miwili lazima aende kituoni kuhakikisha, asijihukumu kwa kijiti. Ila kama kuna hatari aliyopitia wiki hizi karibuni arudie baadaye, vipimo haviwahi kuona mapema hivyo. Na mtu ambaye tayari anameza ARV, dawa za kufubaza virusi, asitumie jipime, inaweza kumdanganya.

Kiti Mwendo Kasulu:
Mi miguu haifanyi kazi toka utoto. Niliwahi kuomba kondomu dirishani, yule dada akaniuliza "umetumwa na nani?" Yaani haiingii kichwani kwake kwamba ni zangu! Hapo ndo hatari yetu inapoanzia jamani, wanatuona kama hatufanyi mapenzi kwa hiyo elimu hatupewi, halafu kuna wanaume wanaamini binti mlemavu lazima yuko salama wanamfuata usiku bila kinga, mchana wanajifanya hawamjui. Sheria ya watu wenye ulemavu ipo toka 2010, nenda sasa uone ngazi za kwenye zahanati zetu.

Mama Uvinza:
Wanangu naongezea la muhimu, mtoto wa jirani yangu ni bubu, alibakwa, familia ikakaa kikao siku nzima wanabishana eti atamtajaje mtu wakati haongei. Jamani kuna dawa za kuzuia virusi, zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72 na zinamezwa siku 28. Hospitali kwanza, vikao baadaye!!

Nesi wa CTC:
Sahihi kabisa mama, tena mapema ndo bora, asisubiri hizo 72 zifike. Na kama ni mtoto, pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Dada wa Mwanga:
Asanteni sana. Nimemuonyesha thread yote, nilimuelezea kidogo kidogo. Mkalimani anataka ila awe mwanamke na asiwe wa Kigoma mjini, jipime hataki anasema akiona miwili peke yake chumbani atamuuliza nani. Nesi, mkalimani akiwa mbali inaruhusiwa kutafsiri kwa video kwenye simu?

Nesi wa CTC:
Mi nimeshafanya hivyo, mteja alikubali mwenyewe. Simu ashike mdogo wako, bando iwepo ya kutosha, na wewe ukae nje kabisa getini.