Wakala wa kazi za Dubai TOENI ile vidio yangu, hela mmeshakula inatosha

Wakuu habari zenu, leo sina salamu ndefu.

Kuna vidio inatembea huko Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, vijana sita tumepanga mstari eapoti Terminal 3, pasipoti mkononi, meno yote nje, halafu mmoja mwenye kofia nyekundu anasema "namshukuru madam nimepata kazi Dubai, nyie mnasubiri nini?" Huyo wa kofia nyekundu ni mimi. Hiyo kazi sijawahi kuiona mpaka leo naandika hapa.

Nilikuwa bodaboda hapa Dar, Boxer yangu mwenyewe, mkataba nilimaliza mwaka jana mwezi wa nane, yaani ndo nilikuwa nimeanza kula jasho langu bila kupeleka hesabu kwa tajiri. Abiria mmoja akanipa namba ya madam, ana ofisi ghorofani Kariakoo, kiyoyozi, bendera mbili mezani, picha ya Burj Khalifa ukuta mzima. Kazi ni ulinzi, mshahara dirham 2,500, chumba juu ya kampuni, usafiri juu ya kampuni, na dirham moja inacheza kwenye 700 ya kwetu, piga hesabu mwenyewe uone kama usingechanganyikiwa. Gharama 4,200,000. Boxer ikaenda kwa 1,900,000, bi mkubwa akakopa kikoba 1,000,000, mjomba akamalizia 1,300,000. Pasipoti 150,000 hiyo nililipa pembeni, na vipimo "vya Gulf" pembeni.

Sasa hapo kwenye vipimo ndo ningeshtuka kama akili ingekuwepo siku ile. Kwa viza niliyopewa hakuna mtu anayekuuliza damu wala eksirei, wenye ajira kweli wanapimwa wakishafika kule ndo wanapewa ukaazi na kitambulisho. Viza yenyewe nilitumiwa kwenye simu usiku wa kuamkia safari, Kiarabu na Kiingereza, nikaona jina langu na sura yangu moyo ukatulia. Kumbe viza ya matembezi, siku 60. MATEMBEZI wakuu, mimi mtoto wa Mbagala nimeuza pikipiki nikatembee Dubai!

Kabla ya kuingia ndani ndo tukapangwa turekodiwe, madam anasema changamkeni basi mbona kama mnaenda msibani, wewe wa kofia ongea una sauti nzuri. Nikaongea.

Tumetua, tunapokelewa na jamaa Mbongo mwenzetu, anakusanya pasipoti "za kupeleka kampuni", anatupeleka Deira chumba kimoja watu 14, vitanda vya juu na chini, kila mtu na pazia lake, kunguni utadhani nao wanalipa kodi. Dirham 400 kwa mwezi unajilipia mwenyewe. Nikamuuliza si chumba juu ya kampuni? Akacheka. "Kaka hapa kila mtu anajitafutia, kesho kaprinti CV utembee." Siku ya nne hapokei simu. Pasipoti yangu niliikomboa baada ya wiki mbili kwa dirham 200, kuikomboa kama simu iliyowekwa rehani.

Ile barua ya ofa niliibeba mpaka kwenye kampuni iliyoandikwa pale juu. Kampuni ipo, ofisi ipo, dada wa mapokezi Mfilipino akaisoma, akanipa maji kwanza. Akanielekeza taratibu kwamba ofa ya kweli inapitia wizara yao ya kazi, ina namba, na namba hiyo unaiangalia mwenyewe mtandaoni hata ukiwa kwenu. Yangu haikuwa na namba yoyote zaidi ya namba ya simu ya madam. Tena ulinzi pale Dubai bila leseni ya SIRA, ile mamlaka yao inayosimamia mambo ya ulinzi, huruhusiwi kulinda, na leseni ina kozi na mtihani. Hakuna aliyewahi kunitajia hilo neno.

Najua kuna watakaokuja kusema mbona fulani alienda kwa matembezi akatoboa. Sibishi, wapo, kampuni ikikukubali inakuombea kibali unabadilishiwa viza maisha yanasonga, chumbani kwetu Mkenya mmoja alipata hivyo hivyo kwenye hoteli. Lakini huo ni mchezo wa bahati na uitwe bahati, niambiwe nauziwa bahati nitaamua mwenyewe kama nauza Boxer au la. Na kukufanyisha kazi bila kibali siku hizi kampuni zinaogopa, tangu 2024 faini inaanzia dirham 100,000 mpaka 1,000,000, nani ajitoe mhanga kwa ajili yangu mimi? Halafu sheria ya kazi ya hukohuko ya 2021 inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, kwa hiyo ile 4,200,000 ilikuwa ya nini?

Nilitembea kwa miguu Al Quoz, Al Qusais, Karama, nagawa CV kama vipeperushi vya mganga. Ramadhani ikaingia, mimi Mkristo lakini nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya futari msikitini, biriani, tende na maziwa, na Mungu awabariki hakuna hata mmoja aliyeniuliza dini yangu. Siku 60 zikaisha. Tiketi ya kurudi niliyoonyeshwa eapoti nilipoenda kuulizia nikaambiwa aliyeikata alishaifuta siku mbili baada ya sisi kutua. Nikazidisha siku 11, faini dirham 50 kwa siku, jumla 550. Wabongo na Wakenya wa pale chumbani ndo walinichangia faini na nauli, na wenyewe hawana kitu.

Kurudi, madam ananijibu kwa voisi noti: mimi kazi yangu kukufikisha Dubai, Dubai ulifika, wenzako wanajituma wewe ukaenda kulala. Nikaenda kituoni, nikaambiwa nilete risiti. Risiti imeandikwa "huduma za safari", neno ajira halipo hata kwa bahati mbaya, nikaambiwa hilo la madai hilo, tafuta mwanasheria. Kwa hela gani?

Hayo yote nilishameza. Nimerudi barabarani kwa pikipiki ya tajiri, mkataba naanza moja, kikoba cha bi mkubwa nalipa mimi. Lakini ile vidio bado ipo, wameiongezea na muziki, na watu wananitafuta wanipongeze.

Juzi amenipigia dogo yuko Mbeya, ameshalipa 2,000,000, bado nusu, mzee wake anatafuta mteja wa shamba. Nimemweleza kila kitu nilichowaeleza hapa mpaka salio likakata. Baada ya dakika kama tano meseji ikaingia: "Sawa bro nimekuelewa, ila si ungesema tu hutaki na wenzako watoke."