Kikundi cha kumwagilia miti kimebaki na watu sita, tunawarudishaje wengine?

MtuWaNkuhungu
Wakuu, mbukwenyi. Naomba ushauri.

Januari tulipanda miti 60, mwarobaini na mipera, kwenye shule ya msingi ya mtaani kwetu hapa Nkuhungu. Tulianza watu 23. Mvua zilipokata kazi ikawa kumwagilia, na Dodoma mnaijua, mpaka Novemba hakuna cha kutegemea juu. Utaratibu: kila Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 6, mchango wa 2,000 kwa wiki (maji na chai), fulana ya kikundi 15,000.

Tumebaki sita, wote wa mshahara. Wenye genge, bodaboda, mafundi na walinzi wamepotea mmoja mmoja. Siwezi kuwaita wavivu, ndio waliochimba mashimo yote. Nifanyeje?

Mgogo_wa_Bahi
Fulana ya elfu kumi na tano kumwagilia mwarobaini? Kwani mti unauliza umevaa nini? Anzia hapo mkuu.

MamaLishe_Sabasaba
Kaka yangu, Jumamosi saa 2 mimi nina supu jikoni na wateja wamekaa. Nikifunga mpaka saa 6, watoto wanakula nini?

Niliwahi kuwa kwenye kikundi cha kutembelea wagonjwa. Muda ningeupata. Nilitoka siku mweka hazina aliposoma kwenye grupu majina ya wanaodaiwa. Nilikuwa nadaiwa 4,000. Sikujibu kitu, usiku nikajitoa. Wenzako huenda ni hivyo hivyo. Wafuate nyumbani, tangazo halitawarudisha. Na usimuulize mtu "mbona huji", muulize "huwa unapita saa ngapi karibu na shule?" Mimi napita saa 11 alfajiri nikienda sokoni. Dumu moja halinicheleweshi.

Fundi_Bomba
Gawa miti, kila mtu na yake miwili mitatu, aje saa yake. Halafu tumieni chupa za maji za lita moja na nusu, zimejaa stendi bure. Toboa kifuniko kwa msumari, tundu dogo, kata kitako, fukia kichwa chini karibu na mizizi, jaza maji. Yanashuka polepole na jua haliyapati. Mara mbili kwa wiki, dakika kumi umemaliza. Nyasi za kufunika udongo ziwe mbali na shina, mchwa wa huku hawana adabu.

Mzee_Kisasa
Sawa, ila msianze kuwapa watu hela za nauli. Kesho watadai posho, na kujitolea kumekufa. Nimeona miradi ikiisha hivyo.

MamaLishe_Sabasaba
Shikamoo mzee wangu. Posho mtu anabaki nayo, nauli anabaki nayo konda. Kama kuna aliyehamia mbali na bado anataka kuja, mpeni. Tena wapewe wote wa mbali bila kuulizwa, maana mwenye shida kweli ndiye asiyeomba.

Mzee_Kisasa
Marahaba. Hilo la konda nimelikubali.

MtuWaNkuhungu
Mrejesho wakuu. Fulana na mchango wa lazima nimefuta, sisi sita tunabeba gharama ya maji. Nimewafuata watu wanane. Fundi viatu mmoja kanieleza alikuwa ananikwepa njiani kwa sababu ya deni la 6,000. Niliona aibu, mimi ndiye nilikuwa nabandika orodha ya wanaodaiwa.

Watano wamechagua miti yao. Mmoja ni mlinzi, anapitia saa 12 asubuhi akitoka lindo, na mwenzake wa getini amekubali kumfungulia. Mama wa genge anamtuma binti yake anayesoma hapo hapo.

Kilichobaki ni mbuzi. Wamekula mipera mitatu wiki hii.

Mgogo_wa_Bahi
Wa mwenyekiti wa mtaa hao, au nakosea?

MtuWaNkuhungu
Mkuu, naomba nikujibu inbox.