Midundo ya midi imetoweka kwenye programu ya ngoma, kwaya inarekodi Jumamosi

KinandaIgoma: Wakuu, naomba msaada wa haraka. Programu yangu ya ngoma inafunguka, nikibonyeza kinanda ngoma zinalia vizuri, ila ukurasa wa midundo ni mtupu. Sebene, rege, zote hazipo. Umeme ulikatika, nilipowasha nikakuta hivyo. Nimeiondoa na kuiweka upya, bado. Nataka kupiga fomati, nifute kompyuta nzima nianze upya.

FundiSauti: Usipige fomati. Sauti na midundo ni vitu viwili. Sauti hula magiga, faili la midi (maelekezo ya noti ipi ipigwe lini, si sauti yenyewe) ni kilobaiti tu, na mara nyingi hukaa folda nyingine. Kwenye Windows angalia ndani ya ProgramData. Imefichwa, ruhusu kwanza mafaili yaliyofichwa yaonekane. Ulihamisha kitu?

MzeeWaKirumba: Enzi zetu mpiga ngoma alitoka mwaloni kupakua dagaa, anakaa kwenye ngoma, wimbo mzima anapiga mara moja. Tafuteni mtu apige.

KinandaIgoma: Sijahamisha kitu. Umeme tu.

MamaKwaya: Mwanangu, kazi ya Mungu inaandaliwa mapema.

Nyegezi_Stendi: Hii chai. Umeme gani unafuta folda moja na kuacha nyingine? Na ID yenyewe imefunguliwa leo.

FundiSauti: Mkuu, midundo ilikuwa kwenye diski gani?

KinandaIgoma: Diski ya nje. Tulikuwa wawili studio, tumegombana, mwenzangu kaondoka nayo Ukerewe. Simpigii. Vyombo nilinunua mimi, na fundi wa fomati nimeshamlipa.

Nyegezi_Stendi: Mwanzo umeme, sasa mwenzio. Kesho utasema mamba kaila.

FundiSauti: Iwe chai isiwe chai, fomati haileti kilichoko Ukerewe. Kama leseni ni yako, ingia kwenye akaunti, pakua maktaba upya, kisha ielekeze programu kwenye folda hiyo ichanganue tena. Ukikwama, piga mdundo mwenyewe kwa kinanda: kiki (ngoma kubwa ya mguu) kwa kawaida ni noti namba 36 ya midi, snea (ngoma ndogo ya mlio mkali) 38. Kwaya haihitaji zaidi ya hapo kuanza. Akaunti ni ya nani?

KinandaIgoma: Barua pepe ni yake. Lakini hela nilitoa mimi, na risiti ninayo.

MamaKwaya: Basi nipe namba yake inboksi, nimpigie mimi.

KinandaIgoma: Shikamoo mama. Nakutumia. Usimwambie nimelia.