Kurudia vitabu vya utotoni: Adili na Nduguze au Kusadikika?

BintiMkoani
Assalaam alaykum wanabaraza. Nataka kurudia hadithi za ajabu nilizozipenda nikiwa skuli Pemba. Vyote viwili ni vya Shaaban Robert: Kusadikika, cha 1951, na Adili na Nduguze, cha 1952. Adili nilikipenda kupita kiasi. Kusadikika nilikipendea ile nchi inayoelea angani tu, ile kesi nikiiruka. Kwa mtu mzima, kipi kinalipa zaidi? Nawauliza hasa waliovisoma tena ukubwani.

MzeeWaMalindi
Wa alaykum salaam, mwanangu. Anza na Adili. Mtoto akikisoma anangojea kwa hamu wale manyani wachapwe. Hao ni Hasidi na Mwivu, nduguze Adili waliogeuzwa manyani kwa kumtosa ndugu yao baharini kwa choyo, basi waipate! Ukubwani jicho linahamia kwa Adili. Yeye ndiye anayeshika mjeledi kila usiku, kwa amri ya jini Huria, na asipowapiga adhabu inamgeukia yeye. Akimaliza anawabembeleza, anawalisha, machozi yanamtoka. Liwali mzima, mchana anahukumu watu, usiku kajifungia na ndugu zake wa damu anawapiga. Aliyewahi kugombana na nduguye juu ya mikarafuu ya urithi atasoma ukurasa ule polepole sana. Mimi niliuweka kitabu chini kwanza.

KijanaWaBububu
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, mie nasema Kusadikika, tena hiyohiyo kesi dada aliyoiruka. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, Waziri Majivuno kamkalia kooni, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja karudi na jambo la kuifaa nchi yake, na kila mmoja katiwa gerezani. Nilipokuwa mdogo nilitaka safari zenyewe, nione mbinguni kuna nini. Sasa nimeshakaa vikao vingi vya kazi. Mtu katoka masomoni na wazo zuri, hajamaliza kulieleza keshaambiwa "hapa hatufanyi hivyo". Na kumbuka kitabu kiliandikwa Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika. Kuipeleka nchi angani kulimpa mwandishi nafasi ya kusema asiyoweza kuyasema ya ardhini.

BiSomo_Ngambo
Nyote mmesema vizuri ila mmekisahau cha tatu: Alfu Lela U Lela, zile hadithi za kale za Usiku Elfu na Moja. Kisa cha Adili asili yake ni humo, kwa Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili, isipokuwa kule ndugu wamegeuzwa mbwa. Ukivisoma kwa kufuatana unaona Shaaban kaongeza nini: maadili mengi, na majina yanayokwambia mapema nani mwema nani mbaya. Hilo mtoto halimsumbui. Mimi lilinisumbua, kwa sababu Hasidi hapewi nafasi hata moja ya kunishangaza. Kwa hiyo kama unachokitafuta ni ile ajabu yenyewe, nenda Alfu Lela. Kama unataka kulia, mzee kasema kweli.

BintiMkoani
Ahsanteni. Na je, wa kusomewa? Nina mtoto wa miaka tisa.

MzeeWaMalindi
Adili, bila ya wasiwasi. Mfikishe kwenye ule mji uliogeuka mawe, watu wake wote kimya, na Mwelekevu peke yake ndiye hai. Msomee kwa sauti. Sentensi za Shaaban ni ndefu, macho yanachoka nazo, lakini mdomoni zinakwenda vizuri mno. Maneno magumu usiyaruke, mwache aulize.

BiSomo_Ngambo
Hapo namuunga mkono mzee. Ila zile sehemu za mjeledi zipitie wewe kwanza. Wangu mdogo alikuwa akiuliza kila usiku kama wale manyani wamesamehewa, na msamaha unachelewa mpaka mwishoni mwa kitabu.

KijanaWaBububu
Sawa, mtoto apewe Adili. Lakini dada, wewe mwenyewe usiiruke tena ile kesi. Soma utetezi wa Karama siku moja moja, kama alivyoutoa barazani, usiubwie wote kwa mkupuo.

BintiMkoani
Basi Adili baada ya Isha pamoja na mtoto, na Kusadikika ntakwenda nacho kwenye boti wiki ijayo. Nakala yangu ya Kusadikika imetafunwa na mchwa kurasa za mwisho. Mwenye kujua duka la Unguja linalokiuza anielekeze.