Passé composé: "simba amelala" imenishinda, na être inanichanganya

Dereva_Karatu

Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva na mwongoza watalii, makazi yangu Karatu. Miaka yote nimefanya kazi kwa Kiingereza, lakini mwaka jana nilianza Kifaransa na sasa najiandaa na mtihani wa DELF A2. Kwenye sehemu ya kuandika unatakiwa usimulie jambo lililokutokea, kwa hiyo passé composé, ule wakati uliopita wa Kifaransa, haikwepeki.

Wiki iliyopita nilikuwa na familia ya watu wanne kutoka Lyon. Tumeshuka kreta ya Ngorongoro kwa barabara ya Seneto, tukamkuta simba dume amelala pembeni kabisa ya njia. Nikawaambia: "Le lion a dormi." Mama akanigeukia, akauliza ameamka saa ngapi. Na simba yuko palepale, macho kafumba! Nilijua nimekosea, ila sikujua wapi. Nilifundishwa kwamba -me- ndiyo passé composé: nimekula, j'ai mangé. Sasa "amelala" imekosa nini?

La pili ni être na avoir, vile vitenzi visaidizi viwili vya passé composé. Nilikariri kwamba vitenzi vya mwendo vinachukua être: je suis allé (nimekwenda), je suis venu (nimekuja). Nikasema "nous sommes marchés", mgeni akanirekebisha: "nous avons marché". Kwani kutembea si mwendo? Halafu kitabu changu kina "j'ai descendu les sacs", wakati descendre (kushuka) nilikariri ni ya être. Naombeni msaada, nimekwama hapa mwezi mzima.

Kijana_wa_Gitega

Kaka, sisi shuleni Burundi mwalimu alituchorea nyumba ubaoni. Mtu anazaliwa humo (il est né), anaingia (il est entré), anapanda ngazi, anashuka, anaanguka (il est tombé), anatoka, anarudi, mwisho anafariki (il est mort). Kila kitenzi cha nyumba ile ni être. Ongeza na vile vyote vyenye se, kama se lever (kuamka) na se laver (kunawa): je me suis levé, je me suis lavé. Vinavyobaki wape avoir. Ichore kwenye daftari lako, nakuhakikishia haitoki kichwani.

MamaKatanga

Kaka wa Karatu, swali lako la simba limenifurahisha sana. Nimezaliwa Lubumbashi, Kifaransa nimekikuta shuleni na Kiswahili nimekikuta jikoni, na sasa nafundisha Kifaransa huku Dodoma mwaka wa tisa. Kosa la simba wanafunzi wangu wote hulifanya, na vitabu vingi havilielezi kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiswahili.

-me- yetu ina kazi mbili. Ukisema "amekula", tendo limekwisha. Ukisema "amelala", "amekaa", "amesimama", "amevaa kofia", "nimechoka", unaeleza hali iliyopo sasa hivi mbele ya macho. Mfaransa hali hiyo haiweki kwenye passé composé hata kidogo. Simba amelala: le lion dort. Amekaa: il est assis. Amevaa kofia: il porte un chapeau. Nimechoka: je suis fatigué. Ukimwambia "il a dormi", anaelewa usingizi umeisha, ndiyo maana yule mama akauliza saa ya kuamka. Kabla hujafungua mdomo jiulize: hali hii bado ipo? Kama bado ipo, achana na passé composé.

Na usiifunge kwenye -me- peke yake, maana inabeba na -li- pia. "Jana tulimwona kifaru" ni "hier, nous avons vu un rhinocéros". Hajafika: il n'est pas encore arrivé. Ameshafika: il est déjà arrivé. Hata "umewahi kufika Zanzibar?" ni déjà hiyohiyo: vous êtes déjà allé à Zanzibar ?

Sasa être. Nyumba ya kijana wetu ni nzuri, nami huichora, ila usiiite nyumba ya mwendo. Marcher, courir, nager (kutembea, kukimbia, kuogelea) vinasema mwili unafanya nini. Havisemi umefika wapi. Aller, venir, arriver, partir (kwenda, kuja, kufika, kuondoka) vinasema umetoka hapa, uko kule. Rester (kubaki) inaharibu mpango kwa sababu mtu habanduki na bado ni être: je suis resté. Hiyo kariri tu.

Kuhusu mabegi, Kiswahili kimekutangulia kukupa jibu. Sisi tunasema kushuka na kushusha, kutoka na kutoa, kuingia na kuingiza. Mfaransa ana kitenzi kimoja kwa yote mawili, anabadilisha kisaidizi tu. Nimeshuka: je suis descendu. Nimeshusha mabegi: j'ai descendu les sacs. Nimetoka: je suis sorti. Nimetoa gari: j'ai sorti la voiture. Angalia mtego mmoja: "nimeshuka ngazi" haina -sha, lakini kwao ngazi ni yambwa, yaani kitu kinachotendwa, kwa hiyo j'ai descendu l'escalier. Yambwa ikifuata descendre bila kihusishi katikati, ni avoir.

Andika habari ya siku ile ya simba uilete hapa.

Dereva_Karatu

Shikamoo mama. Kushuka na kushusha! Nimesoma mara tatu. Nimejaribu:

"Samedi, nous sommes descendus dans le cratère à sept heures. Il a fait froid. Nous avons vu un lion. Il dormait près de la route. Madame est montée sur le siège et elle a pris des photos. Les photos qu'elle a pris sont très belles. Après, j'ai sorti les sacs et nous avons mangé."

MamaKatanga

Marahaba mwanangu. Hongera, na saa moja ya asubuhi umekumbuka kuigeuza kuwa sept heures, wengi huandika une heure.

Mawili tu. "Il faisait froid", kwa sababu baridi ilikuwepo tangu kabla hamjafika. Ni mandhari, kama dormait yako ambayo umeipatia. Kinachotokea ndani ya mandhari hiyo ndicho passé composé.

La pili: "les photos qu'elle a prises". Kwa être umepatanisha vizuri, descendus kwa wengi, montée kwa mwanamke. Kwa avoir kwa kawaida hupatanishi, isipokuwa yambwa ikitangulia kitenzi. Hapa photos zimetangulia, ni za kike na nyingi, basi -es. Kanuni hii mshairi Clément Marot aliitetea kwa shairi katika karne ya 16, akiwatolea mfano Waitalia. Kwenye prises inasikika hata mdomoni: s inatamkwa z. Kwenye "les lions que nous avons vus" haisikiki kabisa, utaiona kwenye karatasi tu, na hapo ndipo msahihishaji ataitafuta.

Dereva_Karatu

Asante sana mama. Kesho nashuka tena na wageni wawili wa Ubelgiji. Simba akiwa amelala, il dort.