Mrejesho: ndama wa Kibosho ameacha maziwa

Ndugu wafugaji, niliuliza jinsi ya kumwachisha maziwa ndama jike wa Friesian (aina ya ng'ombe wa maziwa) tunayemnywesha kwa ndoo hapa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na nawashukuru wote mlionijibu. Ushauri ulionisaidia zaidi ni ule wa kutotazama umri peke yake, bali kusubiri hadi ndama ale takribani kilo 1 ya chakula cha nafaka kwa siku, kwa siku 3 mfululizo. Maziwa hulikwepa tumbo kubwa, la kwanza kati ya matumbo manne ya ng'ombe, na kuingia moja kwa moja tumbo la nne, ilhali nafaka inayochachuka ndani ya tumbo hilo kubwa ndiyo inayolikomaza. Tulimwekea pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya alizeti (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) na madini kidogo, pamoja na maji safi muda wote, kisha tukaondoa maziwa ya jioni kwanza na kuyapunguza ya asubuhi taratibu. Mashina ya migomba, ambayo majirani wengi huyategemea, hatukumpa, kwa kuwa yamejaa maji kuliko lishe. Alipata nyasi kavu kutoka tambarare.

Alilalamika, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa, na alizoea kunyonya ukingo wa ndoo tupu mpaka ukang'aa. Hakuharisha wala kukonda. Shemeji yangu bado anadai tungemkatisha maziwa kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo sikubaliani nalo. Kilichobaki ni dawa ya minyoo, na mtaalamu wa mifugo ameahidi kupita wiki ijayo.